Umemaliza kitabu, sasa unaandikaje kilichokupata?

Jamani mi nasoma sana ila kwenye kuandika nilichosoma nilikuwa ziro kwa miaka mingi tu. Namaliza kitabu saa saba usiku, usingizi umeruka, natamani nimwamshe mtu nimsimulie, nachukua simu naandika "kitabu kizuri sana, kinafundisha" halafu nakwama hapo hapo. Kinafundisha nini sasa? Na mbona hata kile cha mwezi uliopita niliandika hivyo hivyo? Siku moja nikarudi kusoma vijisentensi vyangu vya mwaka mzima nikaona vyote vinafanana kama tofali, ungebadilisha majina ya vitabu hakuna ambaye angegundua, hata mimi mwenyewe nisingegundua.

Kwa hiyo haya ninayoandika hapa ni yale niliyojifunza kwa kukosea, mtu akiona yanamfaa achukue.

Kwanza tuongee ukweli kuhusu shule. Sisi tuliosoma Kiswahili sekondari hapa Tanzania tulifundishwa namna moja tu ya kuongelea kitabu, fani na maudhui, basi. Dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, msimamo wa mwandishi, ukimaliza unakuja muundo, mtindo, wahusika, mandhari, halafu jina la kitabu linasadifu yaliyomo, halafu kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Nilikuwa naweza kukutajia dhamira saba za Takadini na sita za Watoto wa Mama N'tilie bila kupumua na sikumbuki hata siku moja mwalimu kuniuliza, wewe binafsi ulivyosoma ulijisikiaje. Silaumu, mtihani ni mtihani, "kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma thibitisha kauli hii" haijibiwi kwa kusimulia habari za bibi yako. Ila ukishatoka shule ukaendelea kuandika hivyo hivyo unakuwa kama mtu anayekwenda kumposa mchumba na cheti cha kuzaliwa mkononi, kila kitu kimo na hamna kitu.

Uhakiki, ule wa shule, unauliza kitabu kina nini. Tafakari, hii tunayoongelea hapa, inauliza kitabu kilikukamata wapi. Namaanisha kukamata kabisa, kama konda anavyokukamata mkono ukitaka kushuka hujalipa. Ukishapajua mahali penyewe, nusu ya kazi imeisha.

Sasa utapajuaje. Kazi inaanza wakati bado unasoma, na hapa watu wengi wanafeli maana wanasubiri wamalize ndo waanze kukumbuka, kumbe umeshasahau. Mi nina kidaftari kidogo, kile cha mia tano cha mraba, nakiweka ndani ya kitabu kama alama ya ukurasa. Sichori kitabu maana vingi naazima, na ukichora kitabu cha mtu hukiazimi tena. Kila nikisimama, yaani ule muda unajikuta unaangalia dirishani wala hujui umeangalia nini, naandika mstari mmoja: sura ya ngapi, kimetokea nini kwa maneno machache, na mimi nilikuwa wapi. Hiyo ya mwisho watu wanaidharau lakini ndo dhahabu. "Sura ya pili, mwendokasi, tumesimama Magomeni, nimepitisha kituo." Baada ya wiki mbili ukisoma mstari huo unakumbuka joto, unakumbuka yule mama aliyekuegemea na kapu la dagaa, na unakumbuka kwa nini ulipitiliza kituo. Sentensi yenyewe uliyokuwa unasoma inarudi yenyewe.

Andika sura pia, sio ukurasa peke yake, kwa sababu matoleo yanatofautiana, ukurasa wa 60 kwako sio wa 60 kwa mwenzako, na vitabu vyetu hivi vinavyochapwa tena na tena na nyumba tofauti ndo kabisa.

Na kabla hujaanza kusoma kagua nakala yako. Hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kununua riwaya kwa jamaa mmoja anayepanga vitabu chini barabarani, kava safi, bei ya kuokota, nikasoma nikafika mahali wahusika wawili wamenuniana, nikafungua ukurasa unaofuata wameshaoana wana mtoto. Nikaona daah, huyu mwandishi ni noma, amekata hadithi kisanii anatuachia wenyewe tujaze. Nikaandika aya nzima ya kusifia ule ukimya, tena nikaiita "ukimya wenye sauti", na nikawatumia watu. Rafiki yangu mmoja mwenye nakala kamili akaniuliza kwa upole, ndugu yangu, ukurasa wa ngapi huo? Kumbe nakala yangu imeruka kurasa 16. Vitabu vingi vinashonwa kwa mafungu na fungu moja mara nyingi ndo kurasa 16, fundi akilisahau linapotea lote kwa mkupuo. Kwa hiyo pitia namba za kurasa kwanza, dakika mbili tu, usije ukasifia kosa la mashine.

Tuseme umemaliza. Usifungue simu. Usiende kusoma wengine wamesema nini, hii nakuomba sana, maana ukishasoma ya wengine yako yanaingia mitini hayarudi. Chukua karatasi, funga kitabu kabisa, andika dakika kumi kila unachokumbuka bila mpangilio. Majina ukisahau acha, andika "yule mzee". Kitakachokuja kwenye zile dakika kumi ndicho kilichobaki na mara nyingi utashangaa, sio ile sehemu kubwa ya kitabu, ni kitu kidogo tu, mtu anafunga kamba ya kiatu, mlango unafungwa. Halafu ondoka, kaa siku mbili tatu. Ukiandika usiku ule ule utaandika kwa kelele, kila kitu "kimenigusa sanaaa", ukikaa mwezi utaandika kwa baridi. Siku tatu kwangu ndo inakaa sawa, wewe utajipima.

Sasa nikuoneshe kwa mfano maana maneno matupu hayavunji mfupa. Juzi nimerudia Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ile ya mwaka 1980, Wakenya wengi wanaijua maana waliisoma shuleni. Hii hapa ndo niliyoandika mara ya kwanza, naiweka kama ilivyo na aibu zake:

"Utengano ni riwaya ya Said Ahmed Mohamed. Inamhusu Maimuna, msichana anayefungiwa ndani na baba yake Maksuudi. Anafanikiwa kutoka kwa msaada wa Biti Kocho na kuishia mjini kwa Mama Jeni ambako maisha yake yanaharibika. Mwandishi anaonesha madhara ya malezi mabaya na nafasi ya mwanamke katika jamii. Ni kitabu kizuri, nashauri wazazi wote wakisome."

Hakuna kosa hapo, kila sentensi ni kweli. Tatizo ni kwamba aya hii angeweza kuiandika mtu ambaye hajawahi kukishika hicho kitabu, amesoma kava ya nyuma tu. Mimi sipo. Nimeandika kama karani.

Nikarudi kwenye kidaftari. Nikakuta nimeandika: "Sura ya mwanzo, M. yuko ndani, hatoki. Nimekumbuka dirisha la kule Barabara ya Nane." Nikasema eeh, hapa ndo nimekamatwa. Nikaandika upya:

"Nilipokuwa mdogo Tanga, Ngamiani, mtaani kwetu kulikuwa na dada mmoja hatoki nje. Nyumba nzuri, baraza refu, watu wanakaa wanacheza bao, yeye yuko ndani. Sisi watoto tulikuwa tunamjua kwa mkono tu. Mkono unatoka kwenye nondo za dirisha la uani, una sarafu ya hamsini, sauti inasema kaninunulie ubuyu. Mi naenda mbio, nanunua wa thelathini, ishirini nabaki nayo, na yeye hata siku moja hakuniuliza chenji. Nilikuwa najiona mjanja. Nimesoma mlango wa Maksuudi ulivyofungwa nikiwa mtu mzima na watoto wangu, nikagundua kwamba hakuniuliza kwa sababu angeniuliza nisingerudi tena pale dirishani, na alikuwa hana mwingine wa kumtuma. Said Ahmed Mohamed amemwandika baba aliyefunga mlango. Mi nilikuwa upande wa nje wa mlango huo huo, nakula faida."

Umeona tofauti? Sijataja dhamira hata moja na bado mtu akisoma anajua kitabu kinahusu nini. Muhtasari wenyewe umebanwa kwenye vijineno viwili vitatu, na msomaji ambaye hajakisoma anabaki na hamu ya kumjua huyo Maksuudi ni nani. Baada ya aya hiyo ndo niliweza kuongelea mengine, kwamba kuna sehemu nilichoka, kwamba yanayompata Maimuna mjini yanafuatana kwa kasi kiasi kwamba mara nyingine niliona mkono wa mwandishi unamsukuma mtoto wa watu kwenye shimo. Ukishaweka mwili wako mezani una haki ya kulalamika.

Ila angalizo. Sio kila kitabu kitakukumbusha dhambi zako, usilazimishe. Kuna kitabu kinakukamata kwa kicheko, kuna kinachokukamata kwa sababu mhusika anapika kitu mama yako alikuwa anapika, kuna kinachokuboa na huko kuboeka nako kuna habari. Na ukimleta mtu wa kweli kwenye maandishi yako mfiche vizuri, badilisha mtaa, usitaje jina, usitaje kazi ya mumewe. Hapo juu barabara nimeibadilisha namba, hata ukienda Ngamiani ukazizunguka zote humpati.

Kuhusu kusimulia hadithi, sheria yangu ni fupi: usivuke robo ya kitabu. Chochote kinachotokea robo ya kwanza unaruhusiwa kusema, baada ya hapo funga mdomo au zunguka. Nimemaliza pia Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Nakwambia tu kwamba kuna mtoto wa miaka 12 anaitwa Yusuf, wazazi wake wanampakiza kwenye treni na mtu anayemwita mjomba, na yule si mjomba, mtoto amechukuliwa kwa ajili ya deni la baba yake. Hayo unayajua mapema tu. Yusuf anaishia wapi na anakimbilia nini kwenye kurasa za mwisho sikwambii ng'o, hata uninunulie chipsi mayai.

Na ukisoma tafsiri, sema umesoma tafsiri na mtaje aliyeifanya. Gurnah ni mzaliwa wa Zanzibar ila hii riwaya aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, Nobel akapata 2021, na Kiswahili chake kikatoka 2022 kwa mkono wa Ida Hadjivayanis, wachapishaji Mkuki na Nyota hapa hapa Dar. Hesabu mwenyewe, miaka 28 hadithi ya pwani yetu inazunguka duniani ndo inafika nyumbani. Sentensi unayoipenda kwenye tafsiri ina watu wawili nyuma yake, ukimsifu mmoja tu umemdhulumu wa pili. Mi nilikuwa sijui hili, nilikuwa naandika "lugha ya mwandishi ni tamu" kwenye kitabu kilichotafsiriwa toka Kirusi. Tamu nimeionjea wapi sasa.

Hapo hapo niongezee la nukuu. Moja inatosha, mbili kama umezidiwa. Fupi. Ukinukuu nusu ukurasa msomaji anaruka, tena anaruka na maneno yako yanayofuata. Na inukuu ukiwa umefungua kitabu, sio kwa kumbukumbu, kumbukumbu inapamba.

Sasa ukiwa na vitabu zaidi ya kimoja. Watu wanapenda kuandika "vitabu nilivyosoma mwezi huu" halafu wanavipanga kimoja kimoja, kila kimoja mistari mitano, nyota nne, nyota tatu na nusu, kama orodha ya mahudhurio. Sikatai, ila inachosha. Jaribu kutafuta kitu kimoja kinachopita kwenye vyote, na kisiwe kitu kikubwa kama "ukoloni" au "mapenzi", kiwe kitu cha kushika kwa mkono. Mimi baada ya Peponi nilisoma Kuli ya Adam Shafi, na nilihangaika wiki nzima naviunganishaje. Kimoja msafara unakwenda bara, kingine bandari ya Unguja. Nikaandika "vyote vinaonesha unyonyaji", nikafuta, nikaandika tena, nikafuta.

Kilichonitoa ni kuhama nyumba. Jumamosi hiyo nilikuwa nahama Mbagala naenda Kimara, ghorofa ya tatu, lifti hamna, tukamwita kijana abebe friji. Akaliweka mgongoni, kamba akaipitisha kwenye paji la uso, akapanda peke yake. Alipofika juu, jasho linamtiririka mpaka kwenye kidevu, mi nikaanza kumbembeleza apunguze elfu mbili. Akapunguza. Usiku nimekaa kwenye maboksi nafungua Kuli, Rashidi na wenzake na magunia yao, ndo ikanijia kwamba vitabu vyote viwili ni vya mizigo. Kwenye Peponi kuna wapagazi wanabeba bidhaa za tajiri kwenda bara, kwenye Kuli kuna makuli wanapakua meli, na swali kwenye vyote ni mzigo huu ni wa nani na mgongo huu ni wa nani. Nikaanza na friji. Nilipoanza na friji vitabu viwili vikakaa vyenyewe, kila kimoja kikachukua nafasi yake, Kuli ikapata aya nne na Peponi mbili na sikuona haja ya kuzisawazisha.

Kitu kimoja kuhusu riwaya za namna hiyo, tenganisha hadithi na historia. Mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar mwaka 1948 ulitokea kweli. Rashidi ni wa Adam Shafi. Nimeona mtu anaandika kwa kujiamini kabisa "Rashidi aliyeshiriki mgomo wa 1948", kama vile kaburi lake tunaweza kwenda kulizuru. Kama huna hakika kipi kilitokea na kipi kimetungwa, sema tu "kwenye riwaya".

Vitabu usivyovipenda navyo uviandike, na hapa ndo pagumu maana tunaogopa kuonekana wajuaji. Mi natumia njia moja, naandika ukurasa nilioachia na nilichokwenda kufanya badala yake. Kuna kile cha namna ya kuwa tajiri, wanakiuza kwenye foleni, jina naliacha. Niliandika kwamba nilikiacha sura ya tatu nikaenda kufua, na nikafafanua kwa nini: sura zote tatu zinasema kitu kile kile, kwamba masikini anafikiria vibaya, na mimi muda wote nilikuwa namkumbuka yule kijana aliyeniuzia, anakimbiza gari lililoondoka na chenji yake. Sikumtukana mwandishi. Ukiweka sababu yako wazi, anayekipenda anaweza kukujibu bila ugomvi, na wapo walionijibu vizuri tu, mmoja aliniambia kilimsaidia kuacha kukopa.

Ukishaandika soma kwa sauti. Mi najirekodi kwenye simu, nasikiliza nikiosha vyombo, pale ninapojionea aibu mwenyewe ndo pa kukata. Maneno kama "kwa hakika", "bila shaka yoyote", "mwandishi nguli" yanajitoa yenyewe ukiyasikia na sauti yako mwenyewe, hakuna mtu anaongea hivyo na sahani mkononi. Mwanzo nao mara nyingi unakatika, aya ya kwanza niliyoandika karibu kila mara ni kupasha moto tu, kitu chenyewe kinaanza ya pili.

Na kama umeingiza kumbukumbu ya zamani, mtumie mtu aliyekuwepo kabla hujaituma kwa wengine. Ile ya dirisha nilimtumia dada yangu mkubwa WhatsApp, nikijua ataniambia nimeandika vizuri. Akakaa kimya mpaka jioni. Halafu ikaja voisi ya sekunde kumi na moja: "We nawe, haikuwa ubuyu, zilikuwa kashata. Na ile ishirini tulikuwa tunagawana, kumi yako kumi yangu, umesahau?"

Nikarudi nikabadilisha. Ubuyu ukawa kashata, na kila penye "nilikuwa" nikaweka "tulikuwa".